Nyumba za Kwenye Ramani: Kesi za Wanunuzi wa Kigeni nchini Uhispania

Katika mwambao wa Mediterania wa Uhispania, kuanzia Alicante hadi Málaga, nyumba nyingi za likizo na za kustaafia ziliuzwa kabla ya msingi kuchimbwa. Mnunuzi alitia saini mkataba wakati kiwanja kilikuwa bado shamba la milozi, akalipa kianzio, akaendelea kulipa kwa awamu, na akaahidiwa ufunguo na hati miliki mwishoni. Kwa mwendelezaji, yaani kampuni iliyojenga na kuuza nyumba hizo, fedha hizo zilikuwa mtaji usio na riba. Kwa mnunuzi, zilikuwa malipo ya kitu ambacho hakijakuwepo, kwa kutegemea uaminifu wa kampuni iliyo nchi nyingine na inayoandika mikataba kwa lugha nyingine. Kesi ambazo Waingereza, Waairishi, Wajerumani na watu wa Skandinavia walifungua baada ya mwaka 2008 zilitokana na pengo hilo kati ya kulipa na kukabidhiwa. Jambo linalofanya historia hii istahili kusimuliwa ni kwamba pengo hilo lilikuwa limekwisha kuzibwa kisheria miaka 40 kabla.

Biashara yenyewe ilianza enzi ya Jenerali Franco. Mpango wa kuimarisha uchumi wa mwaka 1959 ulifungua milango kwa watalii na fedha za kigeni. Benidorm, mji wa wavuvi katika mkoa wa Alicante, ulikuwa tayari na mpango wa ujenzi wa mwaka 1956, na maghorofa yakaanza kupanda kando ya fukwe zake. Wakati huohuo mamia ya maelfu ya Wahispania walikuwa wakihama mashambani kwenda Madrid, Barcelona na miji mingine ya viwanda, nao walihitaji makazi. Kampuni zilizokuwa na ramani nzuri na mtaji mdogo zilichukua akiba za familia hizo, zikajenga nusu au zisijenge kabisa, kisha zikatoweka. Walioumia mwanzoni walikuwa Wahispania wenyewe, tena wa kipato cha chini.

Malalamiko yao ndiyo yaliyozaa Sheria namba 57 ya mwaka 1968, iliyopitishwa tarehe 27 Julai. Ilikuwa sheria fupi, yenye vifungu vichache. Mwendelezaji anayepokea fedha kabla au wakati wa ujenzi alitakiwa kuzilinda kwa bima au kwa dhamana ya benki, ili kwamba ujenzi usipoanza au usipokamilika kwa wakati, mnunuzi arudishiwe kila alichotoa pamoja na riba. Riba hiyo ilikuwa asilimia 6 kwa mwaka, hadi sheria ya ujenzi ya mwaka 1999 ilipoibadilisha kuwa riba ya kisheria inayowekwa na serikali. Fedha zilipaswa kuingizwa katika akaunti maalumu, tofauti na fedha nyingine za kampuni, na zitumike kwa ujenzi wa nyumba hizo tu. Haki hizi mnunuzi hakuweza kuzisamehe hata kama angetia saini karatasi ya kuzisamehe.

Mambo mawili katika kifungu cha kwanza yalikuja kuamua hatima ya maelfu ya watu. La kwanza, ulinzi ulihusu makazi ya kudumu na pia makazi ya msimu, yaani nyumba ya likizo ya mgeni ilikuwa ndani ya sheria tangu mwanzo. La pili, benki inayofungua akaunti hiyo ilitakiwa kudai kwanza dhamana kutoka kwa mwendelezaji, na ilitakiwa kufanya hivyo kwa kuwajibika yenyewe. Maneno hayo machache kuhusu uwajibikaji wa benki yalikaa katika sheria kwa miongo bila mtu kuyatilia maanani. Waendelezaji wengi hawakufungua akaunti maalumu, benki hazikuuliza, na hakukuwa na mamlaka iliyokagua. Sheria iliyotungwa vizuri iliachwa ijilinde yenyewe.

Uhispania iliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1986, na hapo kununua nyumba kulikuwa rahisi zaidi kwa raia wa nchi nyingine wanachama. Sheria ya ardhi ya mwaka 1998 ililegeza masharti hivi kwamba ardhi ambayo haikuwekewa hifadhi ilihesabiwa kuwa inaweza kuendelezwa. Sarafu ya euro ilishusha riba za mikopo, na mashirika ya ndege ya bei nafuu yaliifanya Alicante au Murcia kuwa safari ya saa chache kutoka Manchester au Dublin. Kufikia mwaka 2006, vibali vya ujenzi wa nyumba zaidi ya 800,000 vilitolewa kwa mwaka mmoja. Miji midogo ya bara, mbali na bahari, ilichorewa viwanja vya gofu na mamia ya nyumba kuvizunguka.

Utaratibu wa kuuza ulifanana karibu kila mahali. Wakala aliwaleta wateja kwa safari ya kukagua, mara nyingi kwa gharama ya muuzaji, akawaonyesha nyumba ya mfano, na kabla hawajarudi uwanja wa ndege walikuwa wamelipa fedha za kushikilia nafasi. Mwanasheria alipendekezwa na muuzaji huyohuyo. Mkataba wenyewe mara nyingi ulitaja Sheria ya 1968 na kuahidi dhamana ya benki, lakini karatasi ya dhamana haikufika. Mnunuzi asiyejua Kihispania hakuwa na sababu ya kuijua sheria ambayo jina lake ni namba tu, na mwanasheria aliyepaswa kuidai alikuwa na mteja mkubwa zaidi wa kumridhisha. Mgongano huo wa maslahi ulikuwa chanzo kikubwa cha madhara kuliko udanganyifu wa wazi, kwa sababu uliondoa kinga ya mwisho ya mnunuzi akiwa bado na fedha zake mkononi.

Kulikuwa pia na aina mbili nyingine za migogoro zilizokwenda sambamba na hii. Katika jimbo la Valencia, sheria ya mwaka 1994 ilimruhusu mwendelezaji kuendeleza eneo zima pamoja na ardhi ya watu wengine, kisha kuwatoza wenye ardhi gharama za barabara na mifereji au kuchukua sehemu ya viwanja vyao. Wastaafu wa kigeni waliokuwa wamenunua nyumba kihalali walijikuta wakidaiwa fedha kwa ajili ya mradi wasioutaka. Huko Andalucía, hasa katika bonde la Almanzora mkoani Almería, tatizo lilikuwa nyumba zilizojengwa kwenye ardhi ya kilimo. Mameya walitoa vibali, waendelezaji wakajenga na kuuza, mthibitishaji wa hati akashuhudia mikataba, kisha serikali ya jimbo ikaenda mahakamani na vibali vikafutwa. Mnamo Januari 2008, nyumba ya wastaafu wa Kiingereza huko Vera, iliyokuwa na kibali cha halmashauri ya mji, ilibomolewa kwa tingatinga. Wenyewe walibaki wakiishi katika gereji iliyoachwa imesimama, na fidia yao ikavutwa kwa miaka.

Malalamiko ya aina zote hizo yalifika katika Kamati ya Maombi ya Bunge la Ulaya, ambayo ilituma wajumbe Uhispania mara kadhaa. Ripoti iliyoandaliwa na mbunge wa Denmark, Margrete Auken, ilipitishwa na Bunge hilo mwezi Machi 2009. Ilikosoa vikali ujenzi holela, rushwa katika halmashauri na unyonge wa raia walioathirika. Lakini Bunge la Ulaya halina uwezo wa kufuta hukumu wala kumlipa mtu fidia. Tume ya Ulaya ilijaribu njia ya mahakama kuhusu Valencia kwa kutumia sheria za zabuni, na mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaitupa kesi hiyo. Wanunuzi walirudishwa palepale, mbele ya mahakama za Uhispania.

Kufikia wakati huo soko lilikuwa limeporomoka. Julai 2008, Martinsa-Fadesa, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za uendelezaji, iliomba kinga ya ufilisi kwa madeni ya mabilioni ya euro, na nyingi ndogo zikafuata. Mwisho wa mwaka 2009 nyumba mpya zaidi ya 600,000 zilikuwa hazijapata wanunuzi, na mifupa ya zege ilitapakaa kwenye vilima. Kwa mtu aliyelipa theluthi ya bei, kampuni kufilisika kulibadilisha kabisa maana ya kesi yake. Chini ya sheria ya ufilisi ya mwaka 2003, mashauri hayo yalipelekwa kwenye mahakama za biashara zilizoanza kazi mwaka 2004, nazo zikaelemewa mara moja. Mnunuzi aliorodheshwa miongoni mwa wadai wasio na dhamana, nyuma ya benki zilizoshika rehani ya kiwanja, nyuma ya mamlaka ya kodi na nyuma ya wafanyakazi. Waliopata hukumu nzuri dhidi ya mwendelezaji walipewa karatasi ambayo hakuna mtu wa kuilipa.

Kuchelewa kwa kesi hizi kulikuwa na sababu nyingi zilizojengana. Kesi ya madai ilianza katika mahakama ya ngazi ya kwanza ya eneo husika, ikaenda kwa rufaa katika mahakama ya mkoa, na kwa wachache ikafika Mahakama ya Juu mjini Madrid. Mgeni alihitaji namba ya utambulisho ya Uhispania, hati ya uwakilishi iliyothibitishwa nchini mwake na kugongwa muhuri wa apostili, na tafsiri rasmi ya kila karatasi. Alitakiwa kuwa na mwanasheria, na pamoja naye wakili mwingine wa taratibu anayepokea na kuwasilisha nyaraka mahakamani, kila mmoja na ada yake. Mwezi Agosti muda wa mashauri ya kawaida hauhesabiwi. Miji midogo ya pwani ilikuwa na majaji wale wale wachache waliokuwapo kabla ya ongezeko la watu, na baada ya mwaka 2008 majaji hao walibebeshwa pia wimbi la kesi za mikopo iliyoshindwa kulipwa na za kufukuzwa watu majumbani.

Mwaka 2012 serikali iliongeza mzigo mwingine. Sheria namba 10 ya mwaka huo iliweka tozo za mahakama kwa kufungua kesi na kwa kukata rufaa, hata kwa watu binafsi. Mtu aliyepoteza akiba yake alitakiwa kulipa tena ili asikilizwe. Watu binafsi waliondolewa katika tozo hizo mapema mwaka 2015, na Julai 2016 Mahakama ya Katiba ikabatilisha sehemu kubwa ya kilichobaki kwa kuwa ilizuia haki ya kufika mahakamani. Miaka hiyo ya tozo ndiyo hasa ambayo wengi walikuwa wakiamua kama wataendelea au watakata tamaa, na waliokata tamaa hawaonekani katika takwimu yoyote.

Sababu nyingine ilikuwa ya kiufundi, lakini pengine ndiyo iliyokula miaka mingi zaidi. Tangu mwaka 2011, kesi ya kawaida iliweza kufika Mahakama ya Juu kwa thamani yake pale tu ilipozidi euro 600,000. Vianzio vya nyumba za likizo havikukaribia kiwango hicho. Njia iliyobaki ilikuwa kuonyesha kwamba mahakama za mikoa zimetoa hukumu zinazopingana juu ya jambo lilelile, au kwamba hukumu inapingana na msimamo wa Mahakama ya Juu. Ilibidi basi hitilafu zitangulie ili dawa ipatikane. Jaji wa mkoa mmoja aliona benki inawajibika, wa mkoa wa jirani akaona haihusiki, na majirani walionunua katika mradi mmoja waliweza kupata majibu tofauti kwa mkataba ulio na maneno yale yale. Wakati mgongano huo ukiiva hadi ngazi ya juu, wanunuzi waliokuwa na miaka 60 walipotia saini walikuwa wamefika 70. Baadhi walifariki kesi zikiendelea na warithi wao wakachukua nafasi.

Mageuzi yalikuja pale wanasheria walipoacha kuwafukuza waendelezaji waliofilisika na kusoma upya maneno ya mwaka 1968 kuhusu benki. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Finca Parcs, mradi wa mamia ya nyumba uliopangwa kujengwa Las Higuericas, karibu na Hellín katika mkoa wa Albacete, ambao haukukamilika. Wanunuzi wake, wengi wao kutoka Uingereza na Ireland, waliungana na kufungua kesi ya pamoja dhidi ya mwendelezaji na benki ya akiba ya Caja de Ahorros del Mediterráneo, iliyokuwa imetoa dhamana ya jumla kwa mwendelezaji bila kuwapatia wanunuzi hati zao binafsi. Kuungana kuliwapunguzia gharama na kulimwonyesha jaji sura nzima ya mradi, jambo ambalo mnunuzi mmoja mmoja asingeliweza. Benki yenyewe ilichukuliwa na Benki Kuu ya Uhispania Julai 2011 na kuuzwa kwa Banco Sabadell kwa euro moja, pamoja na madeni yake. Hivyo, wakati mwendelezaji hakuwa na kitu, kulikuwa na taasisi hai ya kulipa.

Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilitoa mfululizo wa hukumu zilizobadilisha hali yote. Mwezi Januari, majaji wa kitengo cha madai wakiwa wamekaa kwa pamoja walitamka kwamba mwendelezaji kukosa kufungua akaunti maalumu hakumwondolei mnunuzi ulinzi, na kwamba kuchelewa kukabidhi nyumba kunatosha kumpa mnunuzi haki ya kuvunja mkataba hata kama ucheleweshaji si mkubwa sana. Mwezi Septemba, katika kesi ya Finca Parcs, waliamua kwamba dhamana ya jumla iliyotolewa na benki inamlinda kila mnunuzi hata kama hakupewa hati yake binafsi. Tarehe 21 Desemba ikaja hukumu iliyosubiriwa zaidi, kwamba benki iliyopokea malipo ya wanunuzi katika akaunti ya mwendelezaji, bila kudai akaunti maalumu na dhamana, inawajibika kwa wanunuzi hao kwa fedha zote zilizoingizwa humo. Maneno yaliyolala tangu 1968 yalipewa nguvu yake kamili baada ya miaka 47.

Kwa mtu aliyetia saini mwaka 2005, hukumu hizo zilimaanisha kurudishiwa kianzio na riba inayohesabiwa tangu siku ya kila malipo, na kwa kuwa muda ulikuwa umepita sana, riba iliweza kuwa sehemu kubwa ya jumla. Benki hazikukubali kirahisi. Zilidai kwamba mnunuzi alikuwa mwekezaji anayetafuta faida, kwa hiyo sheria ya makazi haimhusu, na hapo mgeni aliyenunua zaidi ya nyumba moja alikuwa katika hatari ya kushindwa. Zilidai kwamba hazikujua fedha zilizoingia ni za ununuzi wa nyumba, na hoja hiyo ilifaulu pale ambapo malipo yalipitia kwa wakala au mtu wa tatu hivi kwamba benki haikuwa na namna ya kutambua. Zilidai pia kwamba mnunuzi amechelewa mno kudai na kwa hiyo amepoteza haki. Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba kukaa kimya peke yake hakumwondolei mtu haki ambayo muda wake wa kisheria haujaisha. Hoja hiyo ya benki kuhusu kuchelewa ilikuwa nzito kutoka kwa pande ambazo rufaa zao zilikuwa sehemu ya kuchelewa huko.

Muda wenyewe wa kisheria ulikuwa ukienda mbio. Kwa kawaida madai ya aina hii yaliweza kufunguliwa ndani ya miaka 15. Mageuzi ya Oktoba 2015 yalipunguza muda huo hadi miaka 5, na kwa madai ya zamani mwisho ukawa tarehe 7 Oktoba 2020. Wanunuzi waliokuwa wamekata tamaa zamani, wengine wakiwa wameshatupa mikataba yao, walipata habari za hukumu wakiwa na miaka michache tu ya kukusanya nyaraka. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga mahakama kuanzia Machi hadi Juni 2020, siku hizo zilifidiwa, na tarehe ya mwisho ikasogea hadi 28 Desemba 2020. Kesi zilizofunguliwa dakika za mwisho ziliendelea katika ngazi mbalimbali kwa miaka iliyofuata.

Nyumba za Andalucía zilifuata njia yao, iliyokwenda polepole zaidi kwa sababu ilihitaji kubadilisha sheria zenyewe. Katika bonde la Almanzora peke yake serikali ya jimbo ilihesabu nyumba zaidi ya 12,000 zilizojengwa kinyume cha taratibu. Wakazi wa kigeni na Wahispania waliunda chama chao mwaka 2008 na kwa miaka mingi walibisha hodi kwenye ofisi za jimbo na mabungeni. Mwaka 2015 Kanuni ya Adhabu ilirekebishwa ili jaji aweze kusubiri na ubomoaji hadi kuwe na dhamana ya fidia kwa mnunuzi asiye na hatia, na sheria ya mashauri ya utawala ikapata kifungu cha namna hiyo mwaka huohuo. Amri ya jimbo ya Septemba 2019 ikafungua njia kwa nyumba nyingi kutambuliwa na kupata maji na umeme kisheria. Haikuwapa wenyewe hadhi sawa na ya nyumba iliyojengwa kihalali tangu mwanzo, lakini iliondoa hofu ya tingatinga.

Sheria ya 1968 yenyewe iliondoka siku chache baada ya kupewa nguvu yake kamili. Sheria namba 20 ya mwaka 2015, inayohusu usimamizi wa kampuni za bima, iliifuta kuanzia tarehe 1 Januari 2016 na kuweka kanuni mpya za kulinda malipo ya awali. Dhamana ya benki au bima bado ni ya lazima, ila sasa inaanza kuhesabiwa mwendelezaji anapopata kibali cha ujenzi, na si tangu euro ya kwanza inapotolewa. Mwendelezaji akishindwa kutimiza wajibu wake, mnunuzi asipodai malipo ndani ya miaka 2, dhamana ya benki inakufa.